Vitabu vya marais wastaafu: anza na hivi viwili

Kila nikisema nasoma vitabu vya maisha ya viongozi watu wananicheka, eti propaganda tupu, na kwakweli vingine ndo hivyo, kujisifia mwanzo mwisho na picha za kukata utepe. Ila Mzee Rukhsa: Safari ya Maisha Yangu, cha mzee Ali Hassan Mwinyi, rais wa pili wa Tanzania, kilichozinduliwa 2021, hicho mi nakipigia debe bila aibu. Kwanza kiko kwa Kiswahili, na mzee alikuwa mwalimu Zanzibar kabla ya siasa, kwahiyo lugha imetulia. Halafu kuna lile suala la kujiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani, watu walikufa mikononi mwa vyombo vya dola kule Shinyanga, yeye mwenyewe hakumgusa mtu wala hakuamuru, ila akawajibika akaondoka, hiyo 1977, na 1985 huyo anaapishwa kuwa rais! Leo nani anaandika barua ya kujiuzulu kama ile jamani?

Cha mzee Benjamin Mkapa, rais aliyemfuata Mwinyi, My Life, My Purpose, kilitoka Novemba 2019, miezi michache kabla hajafariki. Hiki ni cha Kiingereza, na kumbuka mzee aliwahi kuwa mhariri wa magazeti. Mauaji ya Pemba ya Januari 2001, polisi walipowapiga risasi waandamanaji wa upinzani, anakiri ni doa kwenye urais wake, mi ningetaka aende mbali zaidi ya hapo. Ubinafsishaji anautetea, we bishana nae huku unasoma, ndo raha yenyewe.

Kama una hela ya kimoja tu, chukua cha Mwinyi.