Miji Ninayoiamini kwa Nguo Nzuri

Nikiingia katika duka la nguo za gharama, jicho langu halitafuti jina lililoandikwa mlangoni wala marumaru ya sakafu, bali hutafuta meza ya kukatia. Pale ambapo mkataji yuko chumba cha nyuma au ghorofa ya chini, mnunuzi anaweza kuuliza swali akajibiwa na mtu aliyeshika mkasi. Pale ambapo nguo zimeletwa kutoka mbali na muuzaji hajui zaidi ya bei, hata mapambo yakiwa ya kupendeza namna gani hayanishawishi. Kwa kigezo hicho, ambacho najua ni cha mtu mwenye upendeleo wake, Paris na Milano hazishiki nafasi ya kwanza kwangu.

Nafasi hiyo ni ya Napoli. Mwaka 1932 Gennaro Rubinacci alifungua huko duka aliloliita London House, jina linaloonyesha wazi kwamba mabwana wa Napoli walitamani kuvaa kama Waingereza, lakini mkataji wake, Vincenzo Attolini, aliondoa ndani ya koti la Kiingereza karibu kila kitu kilicholifanya liwe gumu. Pedi za mabegani zilitoka, bitana ikapunguzwa, na kitambaa kizito cha ndani kikaacha nafasi kwa chepesi, hata likapatikana koti linalovalika siku ya joto bila kumchosha mvaaji. Jambo linalonivutia zaidi ni namna mkono wa koti unavyoungwa na bega. Tundu la mkono hukatwa dogo na juu, karibu kabisa na kwapa, ilhali mkono wenyewe hukatwa mpana kuliko tundu linaloupokea. Kisha fundi hukusanya kitambaa kilichozidi kwa sindano, mshono kwa mshono, na mikunjo midogo hubaki pale juu kama ya shati. Asiyezoea hudhani ni kazi mbovu. Inueni mkono mkiwa mmelivaa, mtaona koti limetulia mahali pake na ukosi haujaachana na shingo, jambo ambalo makoti mengi ya bei kubwa zaidi hayaliwezi.

Katika mji huohuo, kwenye Riviera di Chiaia, kuna duka la tai la Marinella, lililofunguliwa mwaka 1914, ambalo ni dogo kiasi kwamba wateja wachache tu wakiingia kwa pamoja hukosa pa kusimama. Udogo huo ni faida, kwa sababu aliye ndani lazima ahudumiwe.

London naiheshimu kwa namna nyingine. Savile Row ni barabara fupi tu, lakini mafundi wameishi nayo tangu nusu ya kwanza ya karne ya 19. Henry Poole, nyumba ya ushonaji iliyoanza mwaka 1806, ilihamia hapo mwaka 1846. Koti la huko lina kifua na mabega yaliyojengwa, kwa kuwa desturi yake imetoka kwa washonaji wa sare za kijeshi, na chama cha mafundi wa barabara hiyo kinataka suti ya kupimiwa iwe na angalau saa 50 za kazi ya mkono. Mteja hupimwa, akakatiwa kiolezo cha karatasi kinachotunzwa dukani, kisha huitwa kujaribu koti lililopigwa bandi tu kwa uzi mweupe, ambapo fundi hulichora kwa chaki na pengine kung'oa mkono mzima wa koti mbele ya macho yake. Anayetaka suti kesho asiende huko.

Hapo pia ndipo unapoweza kuzungumza na watu kuhusu sufu bila kulaghaiwa na namba. Wanunuzi wengi hukimbilia Super 150, wakiamini kwamba namba kubwa ni ubora mkubwa, wakati namba hiyo hupima wembamba wa nyuzi tu: Super 100 haizidi mikroni (elfu za milimita) 18.75, na Super 150 haizidi mikroni 16.25. Nyuzi nyembamba ni laini mno mkononi, lakini hujikunja haraka na huchakaa magotini na kwenye viwiko kabla ya wakati. Kwa suti ya kuvaliwa kila wiki, mimi huchagua kitambaa kizito cha Huddersfield, mji wa sufu kaskazini mwa Uingereza.

Paris mimi naenda kwa ajili ya shati. Charvet, iliyoanzishwa mwaka 1838 na ambayo sasa iko Place Vendôme, ina majora ya kitambaa cheupe mengi kiasi kwamba ukisogeza mawili dirishani unagundua moja lina rangi ya maziwa na jingine linaelekea samawati. Milano, kwa upande wangu, ni ya kutazama: duka la Prada la mwaka 1913 ndani ya Galleria Vittorio Emanuele II linastahili dakika chache, na barabara ya maduka ya Via Monte Napoleone nayo ni nzuri, ila bidhaa zake nyingi mtazikuta katika kiwanja chochote kikubwa cha ndege.

Hong Kong inahitaji tahadhari. Mafundi hodari kutoka Shanghai walihamia huko mwishoni mwa miaka ya 1940, na ujuzi wao bado upo kwa anayekubali kurudi kujaribu nguo. Lakini zile suti za saa 24 za mtaa wa Tsim Sha Tsui kwa kawaida hubandikwa kwa gundi ndani ya kifua. Nilinunua moja ya namna hiyo, na baada ya kufuliwa kwa dobi ilitoka malengelenge kwenye ukosi. Kabla ya kulipa, bana kitambaa cha kifuani kwa vidole viwili: ukihisi tabaka la katikati likiteleza peke yake, limeshonwa, likigoma, ni gundi.

Kwa jinzi naenda Kojima, katika mkoa wa Okayama nchini Japani, ambako baadhi ya viwanda bado hufuma denimu kwa mitambo ya zamani inayopitisha uzi kwa kigari kinachokwenda huku na huku, na inayotoa kitambaa chembamba chenye ukingo uliofungwa. Ulizeni kwanza kama kitambaa kimeshaoshwa, kwa sababu kibichi husinyaa mara ya kwanza kikiingia majini, na wauzaji wa huko watawaambia wenyewe mchukue saizi ipi.