Barua Isiyo na Tarehe

Naliendele, Mtwara. Jumapili usiku.

Leo nimenunua bahasha mbili za kaki, zile kubwa zinazoingiza karatasi bila kukunja. Nimekaa mezani tangu tulipomaliza kula, na mama ameshapita mara mbili kuniuliza kama silali.

Bahasha ya kwanza ni ya jeshi. Ndani yake kuna barua ya kuomba kujiunga na Jeshi la Wananchi, nimeiandika kwa mkono kama matangazo yao yanavyotaka. Karatasi nne nimezichana. Mwandiko wangu ukifika nusu ya ukurasa huanza kupanda, mistari inaacha kulala sawa, na sitaki mtu wa Makao Makuu kule Dodoma ashike barua iliyopinda. Ya tano imetulia. Nimeambatisha nakala ya cheti cha kuzaliwa, vyeti vya kidato cha nne na cha sita, cheti cha JKT, yaani Jeshi la Kujenga Taifa, na namba yangu ya kitambulisho cha taifa, NIDA. Kila kitu kipo mahali pake isipokuwa tarehe. Pale juu kulia, chini ya anwani, nimeacha nafasi tupu. Tangazo ninalolisubiri halijatoka, na likitoka siku zake huwa chache, kwa hiyo nataka linikute barua iko tayari.

Bahasha ya pili ni ya chuo cha afya, stashahada ya utabibu, miaka mitatu. Maombi yenyewe yanajazwa mtandaoni kwenye mfumo wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi na vya kati, kwa hiyo humu nimeweka nakala tu na karatasi niliyoandika vyuo vyangu kwa mpangilio. Hii nimeiandika tarehe ya leo, kwa herufi kubwa.

Naandika haya kwa sababu ya binti mmoja niliyekuwa naye kombania moja kambini, kwenye mafunzo ya JKT. Juzi alinitumia ujumbe: "Dada, kama kweli unaitaka Monduli, mbona unaomba chuo kingine?" Monduli ni chuo cha maafisa wa jeshi, kule Arusha. Ujumbe huo nimeusoma mara nyingi. Hakuuliza kwa ubaya. Umenigusa kwa sababu mwaka mmoja uliopita ningemuuliza yeye hivyo hivyo.

Ndoto yenyewe naijua ilianza lini. Desemba 2018 nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nipo kwa bibi Kitangari, kule Newala. Msimu ule wakulima waligoma kuuza korosho kwa bei za wanunuzi, na mwezi Novemba Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itazinunua zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi ndilo litakalozisomba. Malori ya jeshi yakaja hadi kwenye maghala yetu. Watoto wote tulitoka kwenda kutazama.

Pembeni ya lori moja alisimama askari mwanamke. Kombati yake ilikuwa na vumbi hadi magotini, mkononi ameshika daftari la jalada gumu. Kila gunia lililopita alilitazama, akaandika, akainua kichwa kutazama linalofuata. Wanaume waliobeba magunia mgongoni walikuwa wakimsubiri yeye. Lori lilipojaa alipiga ubao wa nyuma kwa kiganja mara mbili, akasema, "Peleka." Likaondoka. Nilikuwa sijawahi kuona mwanamke akisema neno moja na lori likaondoka. Nilipomsimulia bibi, aliniuliza kitu kimoja tu: "Na kuhesabu alikuwa anahesabu sawasawa?" Nikamwambia ndiyo. "Basi na wewe kasome hesabu."

Nikasoma. Nikachukua mchepuo wa PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia, na moyoni nikajua kwamba nataka kuwa afisa, nataka Monduli. Anayeisikia Monduli kwa mbali hudhani unaomba kama unavyoomba chuo kikuu, unachagua kwenye orodha na kusubiri majibu. Sivyo. Monduli unapelekwa. Kwanza JKT, halafu jeshi likuite kwenye usaili, vipimo vya afya, mafunzo ya kuruti, na huko ndani ndiko wanakochaguliwa wa kwenda kusomea uafisa. Ofisa kadeti akimaliza anapewa kamisheni na Rais, Amiri Jeshi Mkuu, anatoka na cheo cha Luteni Usu. Nimetazama sherehe hizo kwenye televisheni hadi nimezikariri hatua. Ila katika safari yote hiyo, kila mlango una mtu mwingine anayeufungua. Mimi kazi yangu ni kufika mlangoni nikiwa mzima, nikiwa na karatasi zangu.

Hilo la milango sikulifikiri mwaka jana. Nilimaliza kidato cha sita mwezi Mei, Juni nikaripoti Nachingwea, kambi ya JKT ya 843 KJ, kwa mafunzo ya mujibu wa sheria, yale ya wanaomaliza kidato cha sita. Simu nilimwachia kaka. Siku ya kuondoka alinipa karatasi na kalamu pale stendi, akasema, "Niandikie vyuo vitatu na kozi zake. Matokeo yakitoka uko kambini, nitakuombea mimi." Kaka yangu ni fundi wa pikipiki, hakusoma zaidi ya kidato cha nne, lakini alikuwa ameshauliza kwa watu jinsi udahili unavyokwenda. Nilichukua kalamu nikaandika neno moja. Monduli. Nikamrudishia karatasi nikapanda gari.

Matokeo yalitoka tukiwa kwenye mafunzo: Biolojia D, Kemia D, Fizikia E. Yalitosha kuomba mahali pengi tu. Kaka alikaa na karatasi yenye neno moja, bila kitu cha kujaza. Aliogopa kunichagulia, akahisi nitakuja kumlaumu. Dirisha la kwanza la maombi likafungwa, la pili likafungwa. Nilirudi nyumbani nikiwa na cheti cha JKT, mwili umekakamaa, sauti imekauka kwa nyimbo za mchakamchaka, na mbele yangu mwaka mzima mtupu. Karatasi ile kaka hakuitupa. Niliikuta imekunjwa ndani ya kava la simu yangu. Nililia siku ile, na sikulia kwa ajili ya jeshi. Nililia kwa ajili yake, jinsi alivyoihifadhi.

Msimu wa korosho nilikuwa Kitangari nikimsaidia bibi kuokota korosho na kuzitenganisha na mabibo. Huko ndiko mjomba alikonikuta. Mjomba ni sajini mstaafu, alikwenda Msumbiji miaka ya themanini kwenye vita dhidi ya waasi wa RENAMO. Baadhi ya wenzake hawakurudi wakiwa hai. Hapa Naliendele yapo makaburi ya askari wetu waliokufa huko, na mjomba akija kwetu lazima apite pale kabla ya kufika nyumbani. Hatuulizi anasema nini akiwa pale.

Alikuja na kifurushi cha ming'oko ya kuchemsha, tukakaa ukutani mwa nyumba tukimenya. Nikamweleza yote. Alinyamaza kwa muda mrefu, halafu akasema: "Mpwa wangu, wewe unataka kuwa kamanda. Kamanda akipeleka watu wake wote mbele asibakize hata mmoja nyuma, tunamwitaje?" Nikasema sijui. "Na mimi sijui, maana sikuwahi kumwona. Wote niliowaona walikuwa na kikosi cha akiba. Na akiba haikuwa ya wagonjwa na wavivu. Walikuwa askari kama sisi, wamelala na viatu."

Wamelala na viatu. Hilo ndilo ninalotaka kumjibu yule binti. Kuandika vyuo vitatu bila kujua vinafundisha nini, bila kujua ada yake, bila cheti kimoja kilichothibitishwa, hakungekuwa na tofauti kubwa na lile neno langu moja. Lazima mpango wa pili uwe umeushughulikia hadi ukiitwa kesho uondoke nao.

Bibi kwa upande wake haoni hata kwa nini tunaliongelea. Shamba lake lina mikorosho, na chini ya mikorosho kuna mihogo, pembeni mbaazi, na kipande cha ufuta. Kuna mwaka ubwiri unga ulishambulia maua ya mikorosho hadi yakakauka kama yaliyochomwa, salfa alikuwa amechelewa kupuliza, na mavuno yakawa ya kuokota kwa kapu. Mwaka ule tulikula mihogo, na sare yangu ya shule ilinunuliwa kwa mbaazi. Bibi anaipenda mikorosho yake, anaijua mmoja mmoja, mingine ameipa majina. Na mbaazi anazipalilia vilevile, kwa jembe lile lile.

Jambo lililonichukua muda mrefu ni kuichagua akiba yenyewe, kwa sababu nyingine zinaua mpango wa kwanza. Majirani walinishauri niombe polisi au magereza, maadamu yote ni majeshi na sare ni sare. Waliniambia kwa mapenzi. Lakini sifa za kuingia Jeshi la Wananchi zinasema mwombaji asiwe amewahi kutumikia Polisi wala Magereza. Ningekwenda huko nikidhani najishikiza, kumbe naufunga mlango kwa mkono wangu. Siisemi vibaya kazi ya polisi. Anayeitaka aiendee kwa moyo wote.

Halafu ikaja posa. Mwezi Machi shangazi alifika na wageni wawili wenye heshima zao, kijana ni mwalimu, hana kasoro ninayoijua. Shangazi alinivuta jikoni: "Mwanangu, jeshi litakuita au halitakuita. Huyu amekwisha kukuita." Nikamwomba anisikilize. Masharti ya jeshi yanataka asiyeolewa, na umri nao una kikomo, kila mwaka unaopita napungukiwa. Nilisema kwa adabu, lakini mikono ilikuwa inatetemeka, na mama alisimama mlangoni akinitazama bila kusema. Usiku alikuja kukaa kitandani kwangu. "Nimemwambia shangazi yako asubiri," akasema. Kwa mama yangu hayo ni maneno mengi.

Nimewahi kusoma jinsi wenzetu wa Marekani wanavyoomba kwenda West Point, chuo chao cha jeshi la nchi kavu kilichoanzishwa 1802. Nilitaka kujua kama wao wana njia nyepesi. Hawana. Wanatakiwa wawe na miaka 17 na wasifikishe 23, wasiwe na ndoa wala mtoto wa kumtunza, na wengi wao wanahitaji mbunge au seneta awapendekeze kabla hata chuo hakijaamua. Mtu mwenye alama nzuri na mbio nzuri anaweza kuzuiwa na vipimo vya afya, macho au pumu. Hao hao wanashauriwa waombe na vyuo vya kawaida, na waombe pia mafunzo ya ROTC, ambayo unayapata ukiwa chuo kikuu cha kiraia na yanakufikisha kwenye cheo kile kile cha luteni usu. Hakuna anayewaambia kwamba kuomba kwingine ni kukosa moyo. Nilipomaliza kusoma nilijisikia nimepata ndugu wa mbali, hasa pale kwenye ndoa.

Sasa utabibu. Nilianza kuufikiria kwa hesabu tu: alama zangu zinafaa, chuo kipo hapa hapa Mtwara, nitakuwa nalala nyumbani, Bodi ya Mikopo siku hizi inakopesha baadhi ya wanafunzi wa stashahada za afya, na jeshi lenyewe lina hospitali, lina Lugalo, linahitaji watu wa tiba. Kwa hiyo nikisoma siuachi mlango, pengine naukaribia kutoka upande mwingine.

Lakini mwezi wa nne nilimpeleka bibi hospitali ya Ligula, presha imepanda, kichwa kinamgonga. Aliyempokea alikuwa afisa tabibu, dada wa umri unaokaribia wangu. Alimsalimia shikamoo bibi, akamfunga kile kitambaa cha kupimia mkononi, akasubiri, akakifungua, akarudia mkono wa pili. Bibi akataka kuzungumza, yule dada akamwambia taratibu, "Bibi, tukipima tunanyamaza, mazungumzo yanapandisha." Akaandika namba mbili. Akainua kichwa kumtazama bibi usoni, kisha akatazama tena alichoandika.

Nilikuwa nimesimama pembeni na pochi ya bibi. Nikamkumbuka askari wa Kitangari, kwenye lori, na daftari lake.

Tangu siku ile kuna kitu sijamwambia mtu: nimeanza kuupenda mpango wa pili. Na kuna usiku hilo linaniogopesha. Naogopa moyo wangu usije ukapoa kwa jeshi, nikaja kufika usaili nikiwa nusu. Halafu asubuhi saa kumi na moja naamka mwenyewe bila kengele, nafunga kamba za raba, nakimbia hadi makaburini na kurudi, na miguu inanijibu kwamba haijapoa. Nimeacha kujilazimisha kuchagua kipi nakipenda zaidi. Jeshi likiniita mwezi huu nitakwenda mwezi huu. Lisiponiita, nitakuwa darasani, na mwaka ujao nitaomba tena nikiwa na mwaka mmoja wa utabibu kichwani.

Yule binti nimemjibu hivi punde. Nimemuuliza ana alama gani, na kama ameshachagua vyuo. Amesema bado. Nimempa namba ya kaka yangu, maana kaka sasa anaujua mfumo wa udahili kuliko mwalimu yeyote niliyemwona.

Ni saa sita kasoro. Kesho asubuhi baada ya mbio nakwenda mjini na kaka kujaza maombi ya chuo na kulipia. Bahasha ya pili nimeiweka juu ya begi. Ya kwanza nimeilaza chini ya godoro, na ndani yake nimetia kalamu niliyoandikia, ili siku nitakapojaza tarehe wino uwe ule ule.