Kidole Gumba na Jenereta ya Mawimbi: Wiki Mbili za Vipimo vya Uongo

Ilikuwa asubuhi ya mwezi Julai, wakati ambapo baridi ya Mbeya humfanya fundi aanze kazi akiwa bado amevaa koti, na mbele yangu mezani kulikuwa na redio ya gari ya VHF ya wati 25, yaani simu ya upepo, iliyoletwa kutoka shamba moja la chai la upande wa Rungwe. Mwenyewe alilalamika kwamba redio haisikii vizuri, hivyo nikaiunganisha kwenye jenereta ya mawimbi ili nipime usikivu wake. Jenereta ninayoizungumzia hapa si ile ya dizeli, bali ni mashine inayotengeneza mawimbi ya redio ya kiwango kinachojulikana, ambayo fundi wa simu za upepo huitegemea kama muuza nyama anavyotegemea mizani yake. Kebo ilitoka kwenye jenereta ikaingia moja kwa moja kwenye tundu la antena la redio, bila kitu chochote katikati. Maiki ya redio ilikuwa imekaa juu ya karatasi yangu ya kumbukumbu, nami nikainyanyua ili niisogeze pembeni. Kidole gumba changu, kwa mazoea ya miaka mingi, kikabonyeza kitufe cha kuongelea.

Taa nyekundu ya redio iliwaka kwa muda usiozidi sekunde mbili. Hapakuwa na moshi wala harufu, na hakuna kilicholia. Kijana ninayemfundisha kazi alikuwa amesimama karibu, akaniuliza, "Fundi, kuna tatizo?" Nikamjibu kwamba hakuna. Jibu hilo ndilo lililonigharimu zaidi kuliko kidole chenyewe.

Ni lazima nikiri kwamba sikuwa mzembe kabisa, kwa kuwa niliikagua jenereta papo hapo. Nilipima masafa yake kwa kihesabu masafa, yakawa sawasawa. Nikaiweka itoe 0 dBm, yaani miliwati moja (dBm huhesabu nguvu kwa desibeli kuanzia miliwati moja, na kila desibeli 10 ni mara kumi), nikaipima kwa mita ya nguvu, nayo ikaonyesha miliwati moja. Nikaridhika kwamba Mungu amenisitiri, nikaendelea na kazi.

Katika wiki mbili zilizofuata, kila redio iliyopita mezani kwangu ilionekana kuwa kiziwi. Redio nzuri ya aina ile hutakiwa kusikia vizuri mawimbi ya mikrovolti 0.25, lakini hizi zote zilidai mikrovolti 1. Nilifungua mbili na kubadilisha transista ya kikuza cha kwanza, na nyingine nikazungusha viini vya koili vya kuchuja masafa hadi nikavitoa kwenye mpangilio wa kiwandani. Mteja mmoja alirudi na kuniambia kwa upole uliouma kuliko matusi, "Fundi, mimi nilikuletea redio yenye mafua, wewe umenirudishia yenye kifaduro." Niliinama. Nilikuja kuzinduka siku tulipoleta redio mpya kabisa, iliyotoka kwenye boksi ikiwa na nailoni yake, nayo ikadai mikrovolti 1 ileile. Redio nne zinaweza kuugua kwa wakati mmoja, lakini haziwezi kuugua ugonjwa mmoja kwa kiwango kilekile.

Ili msomaji aelewe kilichotokea, inambidi akumbuke kwamba jenereta ya mawimbi haitengenezi mawimbi madogo tangu mwanzo. Hutengeneza mawimbi makubwa kiasi, kisha huyapitisha kwenye mfululizo wa vipunguzi, ambavyo mafundi wengi tunaviita atenyueta, na rilei, yaani swichi zinazoendeshwa kwa umeme, huingiza au kuondoa kila kipunguzi kulingana na kiwango unachokitaka. Unapoomba 0 dBm, vipunguzi vyote huondolewa njiani. Unapoomba mikrovolti 0.25, ambayo kwenye omu 50 ni takriban −119 dBm, karibu vyote huingizwa. Siku ile nilipobonyeza kitufe, vipunguzi vilikuwa njiani, na cha mwisho, kilicho jirani kabisa na tundu la kutolea, kilikuwa cha desibeli 20, yaani kinachopunguza nguvu mara mia. Hicho ndicho kilichopokea wati 25 zilizorudi kinyumenyume, ilhali mwongozo wa mashine unakataza zaidi ya nusu wati. Kisha mimi nikaikagua mashine kwenye 0 dBm, kiwango ambacho kipunguzi kilichoungua hakiguswi kabisa. Ni sawa na kukagua ndoo inayovuja kwa kuitazama ikiwa tupu.

Nilipoifungua nilikuta rezista tatu ndogo zilizopangwa kama mlango: mbili zilizosimama kuelekea ardhini, za omu 61 kila moja, na moja iliyolala katikati, ya omu 247. Hesabu yake ni nyepesi. Wati 25 kwenye omu 50 ni volti 35, na volti hizo zikikutana na rezista ya omu 61 iliyo upande wa tundu la kutolea huipa zaidi ya wati 20 za joto, wakati yenyewe ina ukubwa wa punje ya mchele. Ilikuwa imekatika kabisa. Ile ya katikati ilibaki hai lakini ilikuwa imepanda hadi omu 2,100 hivi, na mchanganyiko huo ulishusha mawimbi kwa desibeli 12, yaani kwa mara nne ukihesabu kwa volti. Hapo mikrovolti 1 yangu na mikrovolti 0.25 ya kiwanda zikapatana. Kinachonikera hadi leo ni kwamba maltimita ya kawaida ingenieleza yote siku ileile: kwenye mashine kama yangu, ambayo haina kapasita kwenye tundu la kutolea, ukiiweka kwenye kiwango cha chini na kupima upinzani wa tundu hilo huku mawimbi yamezimwa, unapaswa kusoma omu 50. Mimi ningesoma zaidi ya 2,100.

Tangu hapo nimefanya mambo mawili ambayo siyavunji. La kwanza ni kwamba ninapopima upokeaji, maiki huchomolewa kwenye redio na kutundikwa kwenye msumari ukutani, mbali na meza. La pili, ambalo naliona kubwa zaidi kwa sababu halitegemei kumbukumbu ya mtu, ni kwamba kwenye tundu la kutolea la jenereta kumefungwa kipunguzi cha nje cha desibeli 20 chenye uwezo wa kuhimili wati 50, na hakifunguliwi jioni wala asubuhi. Wati 25 zikirudi, upande wa pili hutoka robo wati tu, ambayo ni nusu ya kikomo cha mashine. Nikiletewa redio ya wati 50 naongeza kingine cha desibeli 10. Gharama yake ni kwamba sharti nitoe 20 kwenye kila ninachokisoma, na kwa ajili hiyo nimebandika karatasi yenye maandishi makubwa "TOA 20" juu ya kioo. Jenereta ina nguvu ya ziada ya kutosha, hivyo hakuna ninachokipoteza katika kupima redio iliyo hai.

Wapo mafundi wa zamani waliopendelea fyuzi ndogo ya kasi kwenye njia ya kebo, na si wazo baya, kwani wati 25 hupitisha ampea 0.7 wakati nusu wati hupitisha ampea 0.1 tu, hivyo fyuzi inayokatika karibu na hiyo 0.1 hulinda. Tatizo ni kuipata. Kipunguzi cha nje chenye uwezo wa kutosha hakikatiki, na hicho ndicho ninachokipendekeza.

Upande wa kupima utumaji una hatari yake, na hapo kinachoumia mara nyingi ni kichanganuzi masafa, mashine inayochora mawimbi kwenye kioo. Vingi vya mezani vimeandikwa mbele kikomo cha +30 dBm, yaani wati 1, na vile vidogo vya mkononi vya bei nafuu huwa na kikomo cha chini zaidi. Redio ya wati 25 ni 44 dBm. Mimi hutumia kipunguzi cha desibeli 30 cha wati 50, kisha kidogo cha desibeli 20, na kichanganuzi kinapata −6 dBm, ambayo ni robo ya miliwati. Kikubwa ni mpangilio: kile chenye misuli kikae upande wa redio. Ukivigeuza, kidogo hubeba wati zote na kuungua, na huenda kikaungua kwa namna ya kuachia zaidi badala ya kupunguza. Aidha, baadhi ya vipunguzi vya nguvu vina mdomo wa kuingilia na wa kutokea, navyo havipaswi kufungwa kinyume. Kwa mtambo wa FM wa wati 300 sijaribu kabisa njia hii. Natumia tundu la sampuli lililo kwenye mtambo au kwenye dami lodi, yaani mzigo bandia unaomeza nguvu badala ya antena, na kabla ya kuunganisha kichanganuzi napima kwanza sampuli hiyo kwa mita ya nguvu, kwa sababu maandishi ya "−50", yaani kwamba sampuli iko chini kwa desibeli 50, kwenye bati la kifaa kikuukuu ni ahadi tu.

Adui mwingine ni umeme wa DC, yaani wa aina ya betri, unaosafiri kwenye kebo ileile ya antena. King'amuzi cha dishi hupeleka volti 13 au 18 juu ya kebo ili kuendesha kichwa cha dishi, na vichanganuzi vingi haviruhusu DC hata kidogo kwenye mlango wao. Fundi mwenzangu wa Mwanjelwa alichomeka kebo ya dishi kwenye kichanganuzi chake bila kuzima king'amuzi, na daiodi za kwanza za mashine zikaondoka. Kizuizi cha DC, ambacho kwa ndani ni kapasita tu katika umbo la koneta, ni kitu kidogo kinachoingia mfukoni. Changu hakitoki kwenye kichanganuzi.

Sisi wa nyanda hizi tuna jambo letu pia, ambalo miongozo iliyoandikwa kwa ajili ya maabara hailisemi vizuri. Kuanzia Juni hadi Oktoba hewa ya huku ni kavu, nasi tunavaa sweta za sufu, na cheche ile unayoisikia ukigusa kitasa cha mlango ina maelfu ya volti. Kebo ndefu ya antena nayo hujikusanyia chaji kutokana na upepo na vumbi kavu, na mvua za radi zinapokaribia mwezi Novemba hali huwa mbaya zaidi. Kabla ya kufunga kebo yoyote kwenye mashine, gusanisha kwanza waya wa katikati na ganda la nje la kebo, kisha shika chuma cha mashine kilichounganishwa na ardhi, ndipo ufunge. Ukiona wingu limesimama juu ya mlima, usipime antena. Hakuna kipunguzi cha radi.

Ukipanda kwenye minara ya milimani, kumbuka kwamba kichanganuzi hupokea kila kilichomo kwenye kebo, si kile tu unachokitazama kwenye kioo. Nilijifunza hili nilipokuwa natafuta mwingiliano kwenye masafa ya 150 MHz, huku mtambo wa FM wa kilowati 1 ukifanya kazi kwenye mnara huohuo. Kioo kilionyesha utulivu, lakini mashine ilikuwa inaleta onyo la kuzidiwa. Kilowati 1 ni 60 dBm, na ikiwa antena mbili zimetenganishwa kwa desibeli 30 tu, antena yako inaokota wati 1 nzima, ambayo ndiyo kikomo chenyewe. Siku hizi naanza na upunguzaji wote wa ndani ukiwa juu na kioo kikiwa kimefunguliwa kutazama masafa yote, kisha naweka kichujio cha kuzuia 87.5 hadi 108 MHz, ndipo ninapokaribia ninachokitafuta.

Kuna na umande. Ukishuka kutoka Mbeya, kwenye mita 1,700, hadi Kyela kando ya Ziwa Nyasa, ukafungua sanduku papo hapo, mashine iliyolala kwenye baridi hutoa jasho kama chupa ya soda. Iache ndani ya sanduku lililofungwa kwa saa moja au mbili kabla ya kuiwasha.

Jenereta yangu niliitengeneza mwenyewe kwa rezista mpya zisizokosea zaidi ya asilimia 1, na nikailinganisha na kichanganuzi cha rafiki, kiwango kwa kiwango, kwa hatua za desibeli 10, kila kipunguzi kikiingia kwa zamu yake. Zile desibeli 12 zilirudi, ingawa juu ya 400 MHz bado inakosea kwa karibu desibeli 1, kwa sababu miguu ya rezista nilizozipata ni mirefu kuliko ya awali. Nimeyaandika makosa hayo kwenye kadi iliyofungwa kwa uzi kwenye mpini wa mashine. Redio zile nilizozitibu bila ugonjwa nilizirudisha mezani moja baada ya nyingine na kuzipanga upya bila malipo. Ile ya kifaduro ndiyo iliyonichukua siku mbili nzima, na mwenyewe alipokuja kuichukua alikaa kitini na kuniomba niipime mbele yake.