CG125 ya zamani: zamu ya nyuma

Injini imeshatulia na kabureta haivuji tena, kwa hiyo nimehamia nyuma. Kwa aliyeikuta kazi katikati: ni pikipiki, Honda CG125 ya zamani, ya breki za ngoma mbele na nyuma, shokapu mbili, ringi za spoku. Kabla ya kufika kwangu ililala muda mrefu uani kwa watu, Raskazone, ikipigwa na upepo wa bahari. Anayeishi Tanga anajua chumvi inavyofanya kazi. Haianzi na kinachoonekana. Tangi bado linang'aa, huku nati za ndani zimeshashikana na bolti zake.

Tatizo lenyewe: ukifika spidi ya 50 mkia unacheza, na kwenye kona ndiyo balaa. Vijana wa kijiweni walishatoa hukumu bila hata kuigusa. "Shokapu zimekufa hizo, kaka. Nunua mpya." Huenda. Ila mkia ukicheza washukiwa ni wengi: upepo wa tairi, spoku, beringi, bushi (vikombe vya raba na chuma) za swingamu, ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma, ndipo uje kwenye shokapu. Shokapu hutuhumiwa kwanza kwa sababu ndizo zinazoonekana, na dukani zimetundikwa zinameremeta.

Nikaiweka stendi kubwa, nikashika tairi kwa mikono miwili nikalitikisa kushoto na kulia. Likagonga. Sasa hapo usikimbilie kufungua. Mwombe mtu aishike swingamu kwa nguvu, wewe utikise tairi tu. Tairi likicheza na swingamu imetulia, ni beringi. Swingamu ikienda nalo, ni bushi. Yangu ilikuwa nayo yote mawili.

Gurudumu lilitoka bila ugomvi. Vumbi la ndani ya ngoma ya breki sikulipuliza, nililifuta kwa kitambaa kibichi. Brekishu za zamani nyingi zilitengenezwa kwa asbesto, na hizi sijui zilifungwa na nani wala lini. Raba za ndani ya habu (kitovu cha gurudumu), zile zinazopokea mshtuko wa spoketi, bado nzima.

Beringi ya upande wa cheni ukiizungusha kwa kidole inakwaruza, halafu inasita, halafu inakwaruza tena. Grisi imegeuka uji wa kutu. Kuzitoa: unapitisha tindo ndefu kutoka upande wa pili, unasogeza kidogo ile bomba ya katikati ili upate ukingo wa beringi, kisha unagonga huku na huku, usigonge sehemu moja tu maana itakwama imepinda. Bomba hiyo usiipoteze. Ndiyo inayozuia beringi mbili zisibanwe ubavu unapokaza ekseli. Ukifunga bila hiyo, beringi mpya hazimalizi mwezi.

Dukani usiseme tu "beringi za nyuma za CG". Soma namba iliyochongwa ubavuni. Tarakimu mbili za mwisho ndizo tundu la ekseli: 01 ni mm 12, 02 ni mm 15, 03 ni mm 17, na kuanzia 04 unazidisha kwa 5. Herufi 2RS maana yake ina kifuniko cha raba pande zote mbili, na kwa mji wa pwani kama huu mimi sinunui nyingine.

Beringi ikiwa baridi na habu ikiwa ya moto, inaingia kwa kugongwa kidogo tu. Friza sina, ila mama jirani anauza barafu za ubuyu.

"Shikamoo mama. Naomba niweke kitu kwenye friza mpaka kesho."

"Marahaba. Kitu gani?"

"Beringi za pikipiki."

"Beringi na barafu zangu! Haya, zifunge mifuko miwili. Nikisikia harufu ya grisi, zote utazinunua wewe."

Asubuhi nikamwagia habu maji ya moto, nikaikausha haraka, beringi zikakaa. Unagonga duara la nje peke yake. Mimi huweka ile beringi ya zamani juu na kugonga hiyo. Ukigonga duara la ndani umeshaiharibu kabla haijatembea.

Spoku nilipeleka kwa fundi baiskeli, Ngamiani. Watu wananishangaa: pikipiki kwa fundi baiskeli? Mji huu umeendesha baiskeli vizazi na vizazi, na mwenye sikio la spoku ni huyo mzee, si fundi boda anayebadilisha ringi nzima kila ikipinda. Alizipitia zote 36 kwa kuzigonga na spana ndogo. Iliyokaza inalia, iliyolegea inatoa mlio mfu. Alianza na zile mfu, robo mzunguko, robo mzunguko, akiwa ameweka kipande cha waya karibu na ringi kuona inapoyumba. Honda wanaruhusu mm 2 za kuyumba, pembeni au juu na chini. Mzee alipofika hapo hakuacha. "Milimita mbili ni za kitabu, mwanangu," akasema, akaendelea mpaka waya ukawa karibu haugusi kabisa.

Bolti ya swingamu ndiyo iliyokula muda. Ilikuwa imeoteana na chuma cha ndani ya bushi. Nikawa naimwagia dizeli asubuhi na jioni. Kabla ya kupiga nyundo, izungushe: ikikubali kuzunguka hata kidogo, kutu imeachia. Na nati iache kwenye ncha, ifunike uzi wa bolti, ndipo upige; ukipiga uzi mtupu utauponda na bolti haitapita popote. Ilipotoka katikati ilikuwa imelika kiasi kwamba nimetafuta nyingine. Bushi za raba nilizisukuma kwa jiliwa na vipande viwili vya bomba, kimoja cha kusukumia, kingine cha kupokelea.

Jambo ambalo mafundi wengi hulipita: nati ya bolti hiyo inakazwa mwisho kabisa, pikipiki ikiwa imesimama kwa magurudumu yake na imebeba uzito. Raba ile imeshikana na chuma ndani na nje. Ukikaza swingamu ikiwa inaning'inia, kila unapopanda inajisokota, na itachanika mapema.

Tukaja kwenye shokapu. Vijana walikuwa sahihi kwa nusu: ya kulia ilikuwa imelowa mafuta, na fimbo yake ina vishimo vya kutu vinavyochana sili, ile raba inayozuia mafuta yasitoke. Za aina hii zimefungwa moja kwa moja kiwandani, hazifunguliwi. Zinabadilishwa zote mbili, kwa sababu moja ngumu na moja laini zinaisokota swingamu. Nilipima urefu toka tundu hadi tundu nikaenda na ya zamani mkononi. Ndefu zaidi "zinapendeza", ila zinainua mkia na usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi.

Kurudisha kulikuwa kwepesi. Alama za kuvutia cheni zilingane pande zote mbili. Klipu ya cheni, upande uliofumba utangulie cheni inakokwenda. Ule mkono unaoshikilia bamba la breki ufungwe na upigwe pini, kwani ukiachia, ukikanyaga breki bamba zima linazunguka na gurudumu. Cheni nimeiachia mlegeo wa mm 20 hivi.

Nimekwenda nayo Pongwe na kurudi. Spidi 70 mkia umetulia, kona zinakatika, na kwenye matuta nyuma inashuka mara moja na kurudi mara moja. Niliporudi spoku tatu zilikuwa zimelegea kidogo, kawaida ya ringi iliyokazwa upya, nikazirudisha. Ila nyuma kulipotulia, mbele kumeanza kusikika: inagonga kila ninapoingia shimoni, na sili ya kushoto imetoa mstari wa mafuta. Nimeshaagiza sili mbili, zikifika nazifungua shokapu za mbele.