Siku moja maabara, na saa nzima ya ESR

Saa 12:40 asubuhi nafungua maabara ya hospitali ya wilaya. Nasoma joto la friji ya damu, naandika daftarini, nawasha mashine. Mpaka saa 3 ni malaria, sukari na wingi wa damu kutoka wodini. Hakuna la kusimulia.

Saa 3:50 nasimamisha mirija ya ESR, kipimo cha kasi ya chembe nyekundu za damu kuzama. Damu sehemu nne, sitreti (dawa ya kuzuia damu isigande) sehemu moja, mrija mwembamba wenye alama 0 mpaka 200 unasimama wima kwenye stendi. Baada ya dakika 60 unasoma chembe nyekundu zimeshuka milimita ngapi. Ni njia ya Westergren wa Uswidi, tangu 1921.

Saa 4:05 mzee mmoja yuko dirishani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Binti, majibu yangu?"

"Bado, mpaka saa 4:50."

"Si ile pale naiona? Imeshashuka! Soma tu."

Akaenda, akarudi. Akawatangazia walio kwenye benchi kwamba tunalipwa kwa kukaa. Akamleta kijana wake, naye akasema kuna mahali wanatoa majibu kwa dakika chache. Sikubisha. Mrija ukiinama nyuzi 3 tu, kipimo kinaweza kupanda hadi asilimia 30. Jua la dirishani nalo huharakisha. Majibu ya haraka yanapatikana. Ya kweli yanasubiri.

Foleni ingekuwa fupi ningemweleza kinachotokea mle. Chembe nyekundu zina chaji hasi, hivyo husukumana. Mwili ukiwa na uvimbe au maambukizi, ini humwaga fibrinojeni, protini ya kugandisha damu, kwa wingi kwenye damu. Molekuli kubwa za aina hiyo hazienei vizuri karibu kabisa na utando wa chembe, kwa hiyo kila chembe huzungukwa na ukanda zisimokaa. Chembe mbili zikilaliana, kanda zao huingiliana, na molekuli hupata uwanja mpana zaidi wa kurandaranda: entropia, yaani wingi wa namna zinavyoweza kutawanyika, imepanda. Ni kama viti vya plastiki harusini. Vikipangwa kimoja juu ya kingine, si kwamba vinapendana. Wachezaji ndio wanaotaka nafasi. Asakura na Oosawa wa Japani waliipigia hesabu nguvu hiyo ya kusukuma vitu vikutane mwaka 1954. Wapo wanaoshikilia kuwa fibrinojeni hujibandika kwenye chembe zote mbili na kuziunganisha, na ubishi haujaisha. Mimi niko upande wa viti. Kwa vyovyote, chembe zilizopangana huzama haraka kuliko iliyo peke yake, na ndiyo namba anayoitaka daktari.

Saa 4:50 kamili: milimita 78.

"Ni nyingi?"

"Daktari atakueleza, mzee wangu."

Akaondoka ananuna. Chai yangu ilishapoa, nikainywa hivyo hivyo.

Baada ya hapo saa sikuziangalia tena. Mama aliyetoka damu nyingi baada ya kujifungua, uniti mbili zinahitajika, na chini ya hadubini damu yake na ya mchangiaji zinaonekana zimeshikana. Nesi amesimama mgongoni kwangu, anahema. Kama ni kingamwili za mama zinazoishika damu ya mchangiaji, siwezi kuitoa damu hiyo apewe. Nikaondoa plazma, yale majimaji ya damu, nikaweka maji ya chumvi, nikatazama tena: zimeachana zote. Zilikuwa zimepangana tu, kama vile viti. Kingamwili isingeachia kwa maji ya chumvi. Nikasaini, nesi akabeba akakimbia bila hata asante, na sikumlaumu.

Miguu ikiwaka moto, nikamkabidhi mwenzangu wa zamu ya jioni. Sitreti imebaki ya kesho tu. Nimeiandika kwa wino mwekundu.