Antena za altimita ya rada: wiki ya tatu chini ya tumbo la ndege

Wiki ya tatu hii na bado hatujatoboa hata shimo moja, mzee mwenye ndege ameanza kuniita fundi chaki, maana nachora alama za chaki tu. Kwa ambao hamkusoma mwanzo: tunatafuta mahali pa kufunga antena za altimita ya rada, ni ndege ya kujiundia, viti vinne, bawa juu, magurudumu hayakunjwi, iko hangari huku Kajjansi, kiwanja kidogo cha ndege karibu na Kampala, na mimi mchana natengeneza redio na tivi mjini, jioni ndo nalala chini ya ndege ya mtu.

Altimita ni kile kifaa kinachomwambia rubani yuko juu kiasi gani, na ya kawaida inapima presha ya hewa tu. Ukiegesha Entebbe inakuambia futi 3,782 na uko chini kabisa umesimama, kwa sababu inahesabu kutoka baharini. Ya rada inapiga mawimbi chini, kati ya gigahezi 4.2 na 4.4, yanagonga ardhi ama maji yanarudi, yenyewe inahesabu muda. Mzee anapita juu ya ziwa asubuhi sana maji yakiwa yametulia kama kioo na hapo jicho halikusaidii, unaweza kudhani uko juu sana kumbe unakaribia kuoga.

Mpango wangu wa kwanza ulikuwa nyuma ya gurudumu la mbele. Kebo fupi, pako flati, raha. Mzee akacheka akaniambia lala chini uangalie vizuri. Nikaangalia: rangi yote imechubuka, vidoti vidoti, ni mawe ya murram, si unajua hivi viwanja vya huko mbugani, gurudumu la mbele linachota kokoto na kuzirusha nyuma kama manati. Antena ina sura ya plastiki, ingedumu safari ngapi?

Nikakimbilia mkiani. Huko hakuna mawe ila tumbo linapanda, pimamaji ya simu ilisema digrii 9, maana yake antena ingetazama nyuma badala ya kutazama chini, ingebidi kabari. Alafu kuna jambo sikulifikiria kabisa: ndege ikitua inainua pua, mkia unashuka. Ukiweka antena mita 3 nyuma ya magurudumu makubwa na pua imepanda digrii 7, antena imeshuka sentimita 37 hivi, yaani zaidi ya futi moja, na hiyo ni sehemu ambayo unahitaji namba ya kweli kuliko mahali pengine popote.

Ikabaki katikati. Hapo nikachukua kalenda ya zamani ya duka nikakunja koni pana, nikaibandika mdomo ukiangalia chini, kwa sababu mwale wa hii kitu si kama tochi, ni mpana makusudi ili ndege ikilala upande wakati wa kupinda bado ione ardhi. Chochote kinachoingia ndani ya koni ni tatizo. Mguu wa gurudumu uliingia, nikasogea nyuma, ngazi ya kupandia ikaingia, nikasogea tena. Askari wa hangari akauliza, ssebo, ndege inavaa kofia?

Sasa antena ni mbili, moja inatuma moja inapokea, na hapa ndo palinila siku mbili. Ya kupokea isimsikie jirani yake moja kwa moja. Fikiria uko taksi paki Kampala, konda anapiga kelele sikioni, wewe unataka kusikia mtu aliye ng'ambo ya pili anasema nini. Ishara ikivuja pembeni kwa nguvu, boksi la altimita linaweza kudhani ardhi iko hapo hapo. Kwa hiyo unaziachanisha, na ule mshale uliochorwa juu ya antena unaufuata kama kitabu kinavyosema, kuzigeuza kunabadilisha uvujaji. Namba ya uongo si mchezo: mwaka 2009 pale Amsterdam, ndege ya Turkish Airlines altimita yake ya kushoto ilisoma futi -8 wakati bado iko hewani, mtambo ukapunguza nguvu ya injini wenyewe, watu 9 walikufa. Yetu haina mtambo wa hivyo lakini mzee ana macho, na macho yanaamini namba.

Kebo nazo msikate ovyo, banange. Mita 3 kwenda na mita 3 kurudi, na mawimbi ndani ya kebo yanatembea polepole kuliko hewani, ukipiga hesabu ni kama futi 14 za bure kwenye kioo. Boksi linaambiwa urefu wa kebo ili litoe hiyo, kwa hiyo urefu ukishaamuliwa ndo huo, inayozidi unaikunja.

Tulipofika: upande wa kushoto wa mstari wa katikati, ya mbele sentimita 60 nyuma ya mguu wa gurudumu kubwa, ya pili sentimita 90 nyuma yake. Kushoto kwa sababu egzosti na bomba la kupumulia la injini viko kulia, na michirizi ya oili inafuata huko huko, nilipitisha kitambaa cheupe kuhakikisha. Pua ikipanda zile digrii 7 tunapoteza sentimita 13 tu, hiyo naikubali.

Injinia mwenye leseni anakuja Jumanne kuangalia kama ribeti zangu zitagonga stringa, vile vyuma virefu vya ndani vinavyoshikilia ngozi ya ndege. Mpaka hapo ni masking tepu tu, na nimeandika kwa kalamu nene USIOSHE HAPA, maana wiki jana kijana aliosha chaki yote.