Sauti ya bibi kwenye video: kwa nini nilihariri kwa WAV

Video ya nyumbani ikiwa na giza kidogo, watu huvumilia. Neno la mzee likimezwa, hakuna wa kulirudisha. Kwa hiyo nilipoanza kutengeneza video ya bibi akisimulia ujana wake Pangani, jambo lililonichukua muda kuliko yote ni kuamua mafaili ya sauti yawe ya aina gani.

Sauti zilitoka sehemu tatu. Kamera ya simu ilitoa MP4 ambayo ndani yake sauti ni AAC. Simu ya pili, niliyoiweka karibu na bibi nyuma ya buli la kahawa, ilirekodi MP3. Shangazi naye, aliyeko Muscat, alituma kumbukumbu zake kwa WhatsApp, ambako ujumbe wa sauti huja kama faili la Opus. Aina zote tatu hubana sauti kwa kutupa sehemu ambayo sikio halitarajiwi kuikosa. Kwa kutumiana na kusikiliza zinafaa kabisa. Kuhariri kunataka kingine.

Iliyosumbua zaidi ni MP3. "Mjomba, mbona midomo ya bibi inatangulia maneno?" mpwa wangu aliuliza tukiwa tunatazama vipande vya kwanza. Mwanzo ulikuwa sawa, ila kila nilipokata na kurukia katikati, sauti ilichelewa kidogo. Kumbe kinasa sauti cha ile simu kiliandika MP3 ya kasi inayobadilika: penye sauti nyingi kinatumia biti nyingi, penye kimya kinatumia chache. Ukitaka kurukia dakika ya 20, baadhi ya programu za kuhariri hulazimika kukisia dakika hiyo iko wapi ndani ya faili, na makisio hayo huteleza. Katika WAV ya kawaida, yaani faili la sauti isiyobanwa, kila sekunde ina ukubwa uleule, kwa hiyo programu inapiga hesabu na kufika mahali penyewe.

Nikapitisha kila kitu kwenye FFmpeg, programu ya bure inayofanya kazi kwa amri za kuandika:

ffmpeg -i bibi.mp3 -ar 48000 -c:a pcm_s16le bibi.wav

Hiyo pcm_s16le ni sauti isiyobanwa ya biti 16. Hiyo 48000 ni idadi ya sampuli, yaani mara sauti inapopimwa, kwa sekunde, na ndicho kipimo cha kawaida cha sauti ya video. Mafaili ya muziki mara nyingi huwa na 44100, kipimo kilichotoka kwenye CD. Vipande vyote nilivipa kipimo hicho kimoja kabla ya kuviingiza Kdenlive, programu ya kuhariri video, na midomo ya bibi ikakubaliana na maneno yake hata nilipokata katikati ya sentensi.

Ieleweke kwamba kugeuza MP3 kuwa WAV hakurudishi kilichokwisha kutupwa. Faida yake ni kuzuia hasara mpya. Nilitaka kuisikia hasara hiyo kwa masikio yangu, nikachukua kipande ambacho bibi anasimulia huku mvua inapiga mabati, nikakihifadhi kama MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde, nikakifungua na kukihifadhi tena, na tena. Maneno yalibaki, lakini mvua iligeuka ikawa kama mafuta yanayochemka kwenye kikaango, na herufi "s" za bibi zikaanza kupiga mluzi. Sauti za mchanganyiko kama mvua, makofi na vigelegele ndizo zinazoumia kwanza, na arusi zetu zimejaa vyote hivyo.

Gharama ya WAV ni nafasi. Stirio, yaani njia mbili za sauti, ya biti 16 kwa kilohezi 48 (zile sampuli 48000) inakula karibu megabaiti 11.5 kwa dakika, yaani takribani 690 kwa saa. Lakini mzee mmoja mbele ya maiki moja hahitaji stirio. Mono, yaani njia moja, inakata ukubwa huo nusu. Kazi ilipokwisha, sauti asilia niliziweka kwenye diski ya nje kama FLAC, ambayo hupunguza ukubwa bila kutupa chochote, na siku yoyote inageuzwa kuwa WAV ileile.

Kikao cha pili nilirekodi WAV ya biti 24 moja kwa moja, kilele cha sauti nikikiacha karibu desibeli 12 chini ya kikomo. Bibi hunong'ona, kisha anacheka ghafla kwa sauti kubwa, na kicheko kile hakikupasuka hata mara moja. Hata hivyo si kila kuachana kwa sauti na picha ni shauri la faili. Simu mbili zina saa mbili za ndani, na katika rekodi ndefu zinaweza kupishana hata ukitumia WAV. Ndiyo maana tulipiga kofi moja mbele ya kamera mwanzoni na jingine mwishoni, nipate pa kulinganishia.

Video iliyokamilika niliitoa kama MP4 yenye AAC ya kilobiti 256, ichezeke kwenye simu na televisheni yoyote. Shangazi nilimtumia kwa WhatsApp kama hati, si kama video, kwa sababu ikipita kama video hubanwa upya. Alipojibu aliulizia dakika ileile ya mvua: alitaka kujua kama ni bati la nyumba ya zamani.